Marehemu Ahmed Khalif na Hesabu ya Wafu wa Wagalla

Niliulizwa swali darasani hapa Garbatulla ambalo sikuweza kulijibu kabla ya kengele kulia. Tulikuwa tukisoma juu ya kazi za Bunge: kutunga sheria, kupitisha makadirio ya fedha, kuisimamia serikali. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida husinzia katika vipindi vya mchana, aliinua mkono. "Mwalimu," akasema, "mbunge asiyekuwa waziri, na ambaye chama chake ndicho hicho hicho cha serikali, anaweza kufanya nini serikali ikiua watu wake?"

Kesho yake nilimjibu kwa kumtajia mtu mmoja, marehemu Ahmed Khalif Mohamed, aliyekuwa mbunge wa Wajir Magharibi. Jina hilo halikuwa geni kwa wazazi wa wanafunzi wangu, lakini wao wenyewe hawakuwa wamelisikia. Nikaona ni vyema nimweleze na msomaji wa ukurasa huu, maana nina hakika darasa langu si peke yake.

Tarehe 10 Februari 1984 majeshi ya usalama yalianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika sehemu za Wajir. Walipelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita chache magharibi ya mji. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwanyang'anya silaha. Huko walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya changarawe katika jua la Februari, bila maji wala chakula, kwa siku kadhaa. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, wengine kwa risasi walipojaribu kukimbia. Miili ilitupwa nyikani. Mfanyakazi wa kujitolea kutoka Italia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alizunguka akiwaokota waliokuwa bado wanapumua na kuwazika waliokufa. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini.

Sasa mwanafunzi hana budi kuikumbuka nchi ya wakati ule. Redio ilikuwa moja, nayo ni ya serikali. Chama kilikuwa kimoja tangu Juni 1982, kwa sheria. Jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo lilikuwa limeacha hofu kila pembe. Na kaskazini ilikuwa bado chini ya kanuni za hali ya hatari, zilizodumu hadi mwaka 1991. Mgeni hakuingia wala mwandishi wa magazeti hakutembea huku apendavyo. Mauaji yangeweza kutokea Wajir na Nairobi wasijue kabisa.

Majuma machache baadaye Ahmed Khalif alisimama Bungeni akasema kwamba watu zaidi ya 300 wameuawa. Hakusema kwa mafumbo. Alitaja mahali, alitaja idadi, akaitaka serikali ijibu.

Hapo ndipo penye jibu la mwanafunzi wangu. Neno linalosemwa na mbunge ndani ya ukumbi huandikwa katika kumbukumbu rasmi, ile Hansadi ambayo watoto hudhani ni gazeti la kuchosha. Mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa neno hilo, na gazeti likilinukuu linajikinga nyuma yake. Kwa hiyo habari ambayo mhariri hakuthubutu kuichapa Jumatatu, aliweza kuichapa Jumatano, kwa kuwa imekuwa habari ya Bunge. Na serikali, ambayo ingeweza kulipuuza kundi zima la wajane kutoka Wajir, haikuweza kuliacha swali la mbunge likining'inia.

Msomaji asidhani kwamba kinga hiyo ilikuwa ngao kamili. Mwaka 1975 Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge hilo hilo na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Ahmed Khalif alilijua jambo hilo kama alivyolijua kila mwanasiasa wa zama zake. Alisema, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake kati ya wenzake wa KANU, ambao wengi wao, nadhani, walikuwa wakitazama dari.

Aprili 1984 Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, Justus ole Tipis, alijibu kwamba waliokufa ni 57.

Nimeitafakari sana namba hiyo. Ni uongo, kwa maana Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kusema kwamba waliokufa huenda walikaribia 1,000, na manusura wenyewe hutaja zaidi ya hapo. Lakini hata uongo huo una faida yake kwa mtafuta haki. Kabla ya swali la Khalif hakukuwa na maiti hata mmoja kwa mujibu wa serikali. Baada yake walikuwapo 57, na kuanzia hapo ubishi ulikuwa juu ya hesabu. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba halikutokea lolote. Miaka 16 baadaye, Oktoba 2000, serikali ilikiri hadharani kwamba watumishi wake walikosea.

Naandika haya nikiwa Garbatulla, na mimi ni Mborana. Jamii yangu na jamii ya marehemu zimetoana damu mara nyingi kwa ajili ya visima na malisho, na wako majirani zangu watakaoniuliza kwa nini nimsifu mtu wa upande ule. Nawajibu kwamba ninamsifu kwa wivu.

Kwani sisi nasi tuna Wagalla yetu, ila ya kwetu ilikwenda polepole. Wazee wa hapa huuita wakati huo gaafa daaba, yaani siku za kuzuiliwa. Ilianza baada ya Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, kupigwa risasi karibu na Modogashe tarehe 28 Juni 1963 pamoja na chifu wetu Haji Galma Dida. Vita vya shifta vikafuata. Serikali iliamua kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa boma, na Garbatulla kikawa kimojawapo. Watu walitoka asubuhi kwa ruhusa na kurudi kabla ya jua kutua. Mifugo haiwezi kuishi hivyo. Majani ya karibu yakaisha, ng'ombe wakafa wamesimama mlangoni pa boma. Ngamia walipigwa risasi kwa sababu ilidhaniwa wanawabebea shifta mizigo. Vita viliisha kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967, na watu waliofunguliwa lango walitoka nje wakakuta hawana kitu cha kuchunga. Wengi hawakuwahi kuinuka tena. Ukiona leo katika mji wetu familia isiyo na hata mbuzi mmoja, uliza walikuwa wapi wakati wa daaba.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, tangu tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Msomaji atazame tarehe hizo vizuri. Ndizo siku za daaba, tangu mwanzo hadi mwisho, zimefungiwa ndani ya sheria kama nafaka ndani ya ghala. Wabunge wa kaskazini walijaribu zaidi ya mara moja kuifuta sheria hiyo. Lakini mimi sijamsikia mzee hata mmoja wa hapa akinitajia siku ambayo mtu alisimama Bungeni, vita vikingali moto, akasema: Garbatulla wamekufa kadha wa kadha. Kwa hiyo hatuna hata 57 yetu ya kubishania.

Sitaki kumfanya marehemu kuwa malaika. Alikuwa mwanasiasa, alitaka kura, na wale waliolazwa Wagalla walikuwa jamaa na wapiga kura wake. Kuwasemea walio wako ni rahisi kuliko kuwasemea wa jirani. Baadaye alikuwa katibu mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, na huko pia hakukosa wa kumlaumu. Lakini wabunge waliokuwa na jamaa katika mateso walikuwa wengi katika miaka ile, na waliosimama na idadi mkononi ni wachache.

Mapema Januari 2003 Rais Kibaki alimteua kuwa Waziri wa Kazi. Hakumaliza mwezi. Tarehe 24 Januari ndege iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe ya kumkaribisha Moody Awori nyumbani ilianguka Busia, na Ahmed Khalif akafa pamoja na marubani wawili.

Hivyo hakuwapo mwaka 2011, Tume ilipokuja kaskazini kusikiliza ushahidi. Wajir walikwenda na majina, tarehe na maneno ya Bunge la 1984. Mwenyekiti wa Tume, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa ametiliwa shaka kwa kuwa alihudhuria mkutano wa maofisa Wajir siku mbili kabla ya operesheni. Tume ilifika Isiolo pia. Wazee wetu walikwenda na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu wa miaka 80 hukatizwa kwa urahisi na wakili wa miaka 30.

Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Machi 2015 aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioonewa. Hapa Garbatulla habari hiyo ilisikika redioni jioni, na asubuhi yake wazee kadhaa walikuwa tayari wameketi nje ya ofisi ya chifu na vitambulisho vyao mkononi. Baadhi yao wameshazikwa.

Yule kijana wa kidato cha tatu alinisikiliza hadi mwisho bila kusinzia. Kisha akaniuliza kama wafu wa daaba wanaweza kuhesabiwa sasa, au muda umepita. Nilimpa daftari la kurasa 96, nikamwambia aanze na bibi yake. Amelirudisha wiki hii akitaka jingine. Majina ni mengi, anasema, lakini shida iko kwenye mifugo, maana kila mzee anamkumbuka ngamia wake kwa jina, na hajui kama majina hayo nayo yaandikwe.

Nimemwambia ayaandike.