Jiwe na Jina: Nyumba ya Kale ya Lamu kama Hati ya Historia

1.0 Utangulizi

Mji wa Lamu, ulioko kaskazini mwa pwani ya Kenya, umekaliwa na watu mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Mwaka 2001 mji huo mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wauzuruo huvutiwa na ngome iliyokamilika mwaka 1821, vichochoro vyembamba na nyumba za mawe ya matumbawe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyumba hizo hazieleweki barabara pasipo msamiati wake.

2.0 Mpangilio wa Nyumba

Mgeni hupokewa kwanza katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza za kukalia. Akikaribishwa kupita, hufika kiwandani, ua ulio wazi kwa juu. Kutoka hapo hufuatana vyumba sambamba: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho nyumba kati. Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kadiri mtu aingiavyo, sakafu huinuka na faragha huzidi. Katika nyumba kati ndimo walimozaliwa watoto na ndimo walimooshewa maiti.

3.0 Ushahidi wa Majina

Majina haya yana ushahidi wa aina tatu. Kwanza ni wa kifonolojia: tini ya Kiamu ni chini ya Kiswahili Sanifu. Pili ni wa kimofolojia. Vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri huitwa zidaka, si vidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia zi- mahali pa vi-. Aidha, kidaka ni udogo wa daka: shina moja linataja mahali pa kumpokea mgeni na mahali pa kuweka vya thamani. Tatu ni wa kisemantiki. Ndani, ambalo katika Kiswahili Sanifu ni neno la kuonyesha mahali, hapa ni jina la chumba mahususi. Na kiwanda, ambacho msomaji wa leo hukihusisha na mitambo, hapa kimebaki na maana ya mahali palipo wazi.

4.0 Hitimisho

Hivi sasa baadhi ya nyumba hizi zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Kuta hukarabatiwa kwa uangalifu, lakini ndani huwa chumba cha kulala kama vingine, na zidaka huwa pambo tu. Jiwe likianguka, fundi aweza kulirudisha. Neno likisahauliwa, hakuna chokaa ya kuliunga. Kwa hiyo, pamoja na ramani za wahandisi, hapana budi wanaisimu wakusanye istilahi hizi kutoka kwa wazee na mafundi wangali hai. Pasipo hivyo, tutarithi nyumba tusizoweza kuzisoma.