Kalvati na Mvua ya Saa Moja

Busunzu imo katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kibondo, upande wa kuelekea Kasulu. Ni nchi ya vilima na vijito, na mvua zake huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei. Barabara ipitayo katika nchi ya namna hii hukatana na vijito visivyohesabika. Vichache hujengewa daraja. Vilivyobaki huwekewa kalvati, yaani bomba la zege lipitalo chini ya tuta la barabara. Msafiri halioni wala halifikirii. Lakini likizidiwa na maji siku moja tu, gari la wagonjwa na lori la mahindi husimama ukingoni pamoja.

Tuta halibomoki ovyo. Maji yaliyokosa nafasi bombani hujaa nyuma yake kama bwawa, kisha hupita juu ya barabara. Yaangukapo upande wa pili huchimba mguu wa tuta, na shimo hilo hurudi nyuma likila udongo mpaka likutane na bwawa lenyewe. Ndiyo maana barabara yaweza kukatika wakati mvua imekwisha kuanuka.

Basi bomba liwe na upana gani? Likiwa kubwa mno, fedha za umma zimezikwa ardhini; likiwa dogo mno, tuta litakwenda na maji. Mhandisi hutaka kujua mvua kubwa itazamiwayo, kwa wastani, mara moja katika miaka 10. Kituo chenye kumbukumbu za miaka 10 huenda kimeiona mara moja, au hakijaiona kabisa. Tena vituo vingi husomwa mara moja tu kwa siku, saa tatu asubuhi. Milimita 60 zilizoandikwa daftarini hazisemi kama zilinyesha usiku kucha au zilimwagika kwa saa moja, na kwa kijito kidogo tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Hakuna nchi moja ya Afrika Mashariki iliyokuwa na kumbukumbu za kutosha kulijibu swali hili peke yake. Mwaka 1974 D. Fiddes, J. A. Forsgate na A. O. Grigg, wa maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa uchukuzi na barabara, walitoa taarifa iliyounganisha kumbukumbu za mvua za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1976 Fiddes alitoa nyingine, juu ya mafuriko, iliyotokana na vidakio vidogo 13 vilivyopimwa kwa kushirikiana na serikali za Kenya na Uganda. Kidakio ni eneo lote ambalo maji yake hukusanyika katika kijito kimoja.

Jambo kubwa walilolionyesha ni hili: mvua ya bara si sawa na mvua ya pwani, hata zikilingana kwa siku. Kwa kanuni yao, katika dhoruba ya bara kiasi cha asilimia 68 ya mvua ya siku nzima hunyesha ndani ya saa moja iliyo kali zaidi. Pwani ni kiasi cha asilimia 38. Mwanafunzi na apige hesabu. Tuchukue kidakio cha kilometa za mraba 5, mvua ya milimita 60 kwa siku, na tukadirie kwamba sehemu moja ya tano hutiririka na nyingine hunywewa na ardhi. Bara, saa hiyo moja huleta kijitoni meta za ujazo 41,000 hivi. Pwani, 23,000 hivi. Bomba litoshalo Bagamoyo litashindwa Busunzu.

Hata hivyo, kati ya vidakio hivyo 13 hakuna hata kimoja kilichokuwa Tanzania. Kiasi gani cha maji hutiririka juu ya udongo wa Kibondo, chini ya miti ya miombo au katika shamba lililofyekwa jana, mhandisi hukikadiria kwa kufananisha na udongo wa kwingine. Hilo ni pengo, na si dogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977; mkataba mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na Burundi ikaingia mwaka 2007. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa barabara unaoziunganisha Tanzania na Burundi, ambao sehemu yake ya Tanzania, Kabingo–Kasulu–Manyovu, ina urefu wa kilometa 260 hivi. Vijito vya pande zote mbili za mpaka ni ndugu; vingefaa kupimwa pamoja.

Shule yaweza kuanza na kopo lenye kuta zilizonyooka, rula na saa. Kopo liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kina cha maji kisomwe kila baada ya dakika 15 mvua inaponyesha, si asubuhi ya pili.