Makovu ya Chunusi na Tiba ya Nishati

Mwalimu wa sekondari mjini Dodoma humtambua upesi mwanafunzi aketiye nyuma ya darasa huku ameinamisha uso. Chunusi zake zimekwisha, lakini zimemwachia mashimo mashavuni. Katika makala hii tutaeleza jinsi sayansi inavyoyapunguza mashimo hayo kwa kutumia nishati, na kwa nini sisi wenye ngozi nyeusi yatupasa kuielewa fizikia ya tiba hiyo kabla ya kuikubali.

Kovu hutokeaje? Chunusi inapovimba ndani ya kitundu cha kinyweleo, uvimbe huo huharibu kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi. Nyuzi hizo zikipungua, ngozi hudidimia. Kwa hiyo si rahisi kulijaza shimo kwa mafuta ya kupaka. Sharti mwili uchochewe kufuma nyuzi mpya. Tiba za nishati hufanya hivyo kwa kuitia ngozi majeraha madogo ya joto lililopimwa.

Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza, iliyotoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Mwanga huo hufyonzwa sana na melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake. Idadi ya seli zinazotengeneza melanini hukaribia kuwa sawa kwa watu wote. Tofauti imo katika wingi na ukubwa wa chembe za rangi. Basi kipimo cha mwanga kinachoiacha salama ngozi nyeupe huweza kuiunguza ngozi nyeusi, kama vile bati jeusi linavyopata moto juani kuliko bati jeupe.

Mwaka 1983 Anderson na Parrish walieleza kanuni muhimu: urefu wa wimbi uchaguliwe kulingana na kile kinacholengwa, na mwale uwe wa muda mfupi ili joto lisienee kando. Leza ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, hufyonzwa na maji yaliyomo ngozini wala si na melanini. Hata hivyo, joto likizidi, ngozi nyeusi hujibu kwa kutoa madoa meusi yanayoweza kudumu kwa miezi mingi.

Njia nyingine ilielezwa mwaka 2004. Mkulima wa zabibu wa Dodoma hachimbui shamba zima apandapo miche. Huchimba mashimo kwa nafasi, na ardhi ya katikati hubaki kama ilivyo. Vivyo hivyo mwale wa leza hugawanywa kuwa nukta nyembamba nyingi, na ngozi iliyobaki nzima baina yake huharakisha kupona. Kuna pia sindano ndogo zinazopitisha umeme wa masafa ya redio chini ya ngozi. Hapa joto hutokana na ukinzani wa tishu, somo ambalo mwanafunzi hulikuta katika fizikia ya umeme. Kwa kuwa joto hilo halitegemei rangi, hatari ya madoa hupungua, ingawa haiondoki kabisa.

Msomaji asidanganywe kwamba kovu litafutika. Tiba hizi hulipunguza tu, kwa awamu kadhaa, na kolajeni hujengeka kwa miezi. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua amweleze daktari mapema. Aidha, Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake ni kirefu. Asiyejikinga na jua baada ya tiba hujitafutia madoa.

Mashine hizi ni za gharama, na mikono isiyofunzwa huzigeuza kuwa moto. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza wataalamu wa fani hii. Ushauri wa mtaalamu wa namna hiyo ndio wa kutafutwa, wala si vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, ambavyo vimepigwa marufuku nchini na havijazi shimo lolote.

Lakini tiba bora hutangulia kovu. Chunusi zisiminywe, na zile kubwa zenye maumivu zipelekwe hospitali mapema. Mwalimu akimwambia hivyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza, huenda asimwone ameinamisha uso atakapofika kidato cha nne.