Hema Lako, Malisho ya Mwenzio

Tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifunga kesi iliyokuwa imegawa watu kwa zaidi ya miaka miwili. Swali lilikuwa hili: mtu anayetembea kwa miguu katika nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, anaweza kusimamisha hema na kulala bila kumwomba ruhusa mwenye ardhi? Majaji wote walisema anaweza.

Msomaji aliyezoea Serengeti au Mikumi atajiuliza mwenye ardhi katokea wapi ndani ya hifadhi ya taifa. Dartmoor imekuwa hifadhi tangu 1951, lakini sehemu kubwa yake si mali ya serikali. Ndani yake kuna vijiji, mashamba na kuta za mawe. Zaidi ya theluthi moja yake ni malisho ya pamoja, na malisho hayo nayo yana wenyewe, ila wafugaji wa jirani wana haki ya tangu zamani ya kulisha humo kondoo, ng'ombe na farasi wao wadogo. Juu ya haki hizo mbili, sheria ya mwaka 1985 iliweka ya tatu: umma uruhusiwe kuingia, kwa miguu au kwa farasi, kujiburudisha.

Alexander Darwall na mkewe Diana, wamiliki wa eneo la Stall Moor ambao pia wanafuga ng'ombe humo, walidai kwamba burudani hiyo ni kutembea na kupanda farasi tu, wala si kulala. Januari 2023 Mahakama Kuu iliwakubalia, na maelfu ya watu wakaandamana hadi Stall Moor. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Mahakama ya Juu ilimalizia kwa hoja iliyo wazi: maneno "kwa miguu" na "kwa farasi" yanaeleza namna ya kuingia, hayaweki mpaka wa mambo unayoweza kufanya ukishaingia.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ni ya haki. Kwingineko England na Wales, kulala kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa, ingawa kwa kawaida ni la madai na si la jinai, na mwenye ardhi ana haki ya kukuondoa. Kufunga na mlango wa Dartmoor kungewaacha watu wasio na shamba wala pesa ya hoteli bila mahali pa kulala chini ya nyota.

Hata hivyo, wapo walioisoma hukumu hiyo kama ruhusa ya kulala popote, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Haki hiyo ni ya malisho ya pamoja pekee. Shamba lililozungushiwa ukuta halimo, hata kama lipo ndani ya hifadhi. Katika malisho yenyewe pia kuna sheria: mamlaka ya hifadhi inataka usizidishe usiku 2 mahali pamoja, ukae mbali na barabara angalau mita 100, na usiwashe moto.

Marufuku ya moto ina sababu nzito. Udongo wa nyika hizi ni mabaki ya mimea iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, nao wenyewe unaungua. Cheche ikizama chini ya majani, moto hutambaa ardhini ukaibukia mahali pengine siku kadhaa baadaye. Mwaka 2018 nyika ya Saddleworth, karibu na Manchester, iliwaka hadi wanajeshi wakaitwa kusaidia wazimamoto.

Mfugaji ana hofu nyingine ambazo mtu wa mjini hazioni kwa urahisi. Majira ya kuchipua kondoo huzaa. Kondoo jike akishtuliwa na mbwa au kelele za usiku hukimbia, mwanakondoo akabaki nyuma, na kwa baridi ya huko saa chache zinatosha kumuua. Ndiyo maana mbwa hutakiwa kufungwa kamba fupi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na sheria ya nchi humruhusu mfugaji, katika mazingira fulani, kumpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo. Kinyesi cha mbwa nacho si uchafu tu: kinaweza kubeba vijidudu viitwavyo Neospora, vinavyofanya ng'ombe watoe mimba. Lango nalo liache ulivyolikuta. Ukilifunga lililoachwa wazi kwa makusudi, unaweza kuwazuia mifugo kufika majini.

Wengi wa wanaoharibu si wapiga kambi wenyewe hasa. Ni makundi yanayokuja kwa gari na spika na majiko ya kuchomea nyama, kisha yanaondoka na kuliacha hema palepale. Lakini adhabu humpata kila mtu. Uskoti, ambako sheria ya 2003 iliwapa watu uhuru mpana wa kupiga kambi, kingo za ziwa Loch Lomond zilichafuliwa na miti ikakatwa kuni, na tangu 2017 huwezi kulala sehemu nyingi za kingo hizo kati ya Machi na Septemba bila kibali.

Nawe unayeishi Ulaya na unafikiria kwenda kulala nyikani Dartmoor, angalia ramani ya hifadhi kabla ya kufunga begi. Simamisha hema jua likielekea kuzama, liondoe mapema asubuhi, na urudi na takataka zako zote. Haja kubwa ichimbie shimo, mita 30 au zaidi kutoka majini. Ukiona ukuta wa mawe au mazao, hapo pana mtu: nenda nyumbani kwake mchana, piga hodi, umwambie mko wangapi na mtaondoka lini. Akikataa, mshukuru utafute pengine. Shamba ni lake, na kesho atakuja mwingine kumwomba.