Pemba: Kisiwa Tunachokipita Bila Kukitazama

Na Mwandishi Wetu

Wahenga wametuasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini inapofika zamu ya mapumziko, wengi wetu tulio wafanyakazi wa mijini ndivyo tufanyavyo. Mwenye uwezo huota Dubai au Ulaya. Asiye na uwezo huo huwapeleka watoto Unguja, akazunguka Mji Mkongwe, akala cha jioni Forodhani, kisha akarejea nyumbani akiamini kwamba ameimaliza Zanzibar. Kisiwa cha pili, kile cha kaskazini, hubaki kuwa jina tu. Mtajie mtu Pemba, naye atakutajia karafuu; akicheka kidogo atakutajia waganga. Hapo habari zake zimekwisha.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumsuta yeyote. Mama wa watoto wangu ni mzaliwa wa Wete, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikienda Pemba kwa shughuli mbili tu, harusi na maziko. Nilishuka bandarini Mkoani, nikapanda gari, nikala, nikalala, nikarudi. Likizo iliyopita mama mkwe wangu alituma salamu kwamba wajukuu waje angali na macho ya kuwaonyesha kwao. Salamu ya namna hiyo haipuuzwi. Tulikwenda kwa siku sita, na haya ndiyo tuliyoyaona.

KISIWA CHA KIJANI

Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini mashariki ya Unguja, na umbali kama huo kutoka pwani ya Tanga. Mkondo wa bahari unaoitenga na bara ni wa kina kikubwa, hata wenyeji husema kuwa maji yake ni meusi. Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhraa, yaani kisiwa cha kijani, na anayesafiri kwa gari kutoka Mkoani kwenda Chake Chake haulizi sababu. Unguja imetandazika, Pemba ni vilima na mabonde. Juu ya vilima imesimama mikarafuu, minazi na miembe, na chini mabondeni kuna mpunga.

Karafuu yenyewe ina kisa chake. Ilianza kupandwa kwa wingi Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, lakini Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Visiwa hutoka Pemba. Mgeni atakayefika wakati wa mavuno ataona kazi hiyo barabarani na uani: wachumaji wakiwa juu ya miti, akina mama na watoto wakichambua karafuu kutoka katika makonyo, na majamvi yaliyotandazwa juani yakigeuka rangi kutoka kijani na wekundu hadi hudhurungi. Hata makonyo hayatupwi. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda kinachoyakamua mafuta.

NGOME YA CHAKE CHAKE

Chake Chake ni mji mdogo uliokaa juu ya kilima, na hori la bahari limeingia magharibi yake. Zamani majahazi yalipanda hori hilo mpaka karibu na mji. Ngome yake ya kale ilikuwa kubwa, lakini sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupisha ujenzi wa hospitali. Kilichosalia kimefanywa makumbusho. Mfanyakazi mwenye haraka anaweza kuyamaliza kwa nusu saa. Mwenye watoto na akae saa mbili, kwani humo zimepangwa habari za kisiwa tangu wakaaji wa awali, biashara ya baharini, Wareno, Waomani, hadi maisha ya nyumbani ya Mpemba: vyombo vya jikoni, zana za uvuvi na kilimo. Humo mtoto hupata ufunguo wa yale atakayoyaona nje.

PUJINI, NYUMBA YA MKAMA NDUME

Kutoka Chake Chake tulielekea kusini mashariki, mwendo wa kilomita kama 10, hadi Pujini. Mtu asitazamie kasri lililosimama. Kuna boma la udongo na mawe lililozunguka kiwanja kipana, vichaka, mibuyu na mabaki ya kuta. Hata hivyo wataalamu wa mambo ya kale wanakuhesabu Pujini kuwa mahali pa pekee katika pwani yote ya Waswahili, kwa sababu ni nadra kuukuta mji wetu wa karne ya 15 uliozungushiwa ngome ya namna hiyo. Upande mmoja ulichimbwa mfereji wa kuingizia vyombo kutoka baharini.

Mapokeo yanasema mwenyewe alikuwa mtawala aliyeitwa Muhammad bin Abdurrahman, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakamua wanaume. Yasemekana aliwalazimisha raia wake wabebe mawe ya kujengea hali wakijikokota kwa makalio. Tena yasemekana alikuwa na wake wawili walioneana wivu hata hawakuweza kuonana kisimani. Basi akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja akateka maji kwa kushuka ngazi, na wa pili kwa kamba na ndoo.

Ngazi hizo zipo, nasi tulizishuka. Wachunguzi waliochimba mahali hapo katika miaka ya 1990 wanaona kuwa chumba hicho cha chini ya ardhi kilikuwa mahali pa ibada na mizimu. Kwa hiyo kisa cha wake wenza huenda kilizuka baadaye, watu walipokuwa wamekwisha kusahau kazi ya chumba. Lakini kisa chenyewe ni ushahidi pia. Miaka 500 baada ya mtawala kufa, watu bado wanakumbuka namna alivyowatumikisha babu zao, na wamemlipa kwa jina lisilofutika.

MJI ALIOUTAJA AL-MASUDI

Siku ya tatu tulikodi mashua kwenda Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi nyembamba iliyonyooka kuelekea magharibi. Barabara haifiki kwenye magofu, na njia ya miguu ni ndefu kwa watoto.

Mwaka 916 msafiri Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, alipita katika bahari hii na kuandika habari za kisiwa kiitwacho Qanbalu, ambacho watu wake walikuwa Waislamu miongoni mwa Wazanji. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa kisiwa hicho ni Pemba, na baadhi yao wanauona mji wenyewe kuwa huu wa Mkumbuu. Magofu yanayoonekana leo, msikiti mkubwa wa mawe na makaburi yenye minara, ni ya karne ya 14 au karibu yake. Lakini wachimbaji walipofukua chini ya msikiti waliona dalili za misikiti iliyotangulia, mmoja ukiwa wa miti. Makaburi yalipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyoletwa kutoka Uchina. Mahali pengi palipokuwa na bakuli sasa pamebaki tundu.

Karibu na Wete nako iko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 zilizofukiwa karne ya 11. Nyingi ni za fedha, ndogo kama ukucha, zenye majina ya watawala wa pwani hii hii. Na chache ni dinari za dhahabu za nchi za mbali. Fikiri, msomaji: miaka 400 kabla ya Vasco da Gama kuuona mwambao wetu mwaka 1498, watu wa hapa walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe. Kaskazini mashariki, kwenye magofu ya Chwaka jirani na Tumbe, wachunguzi walikuta punje za mpunga zilizoungua, wakabaini kuwa kiasi cha miaka 1,000 iliyopita jiko la Mpemba lilikuwa limekwisha kuacha uwele na kushika wali. Mama mkwe alipoelezwa hayo alijibu kuwa yeye hakuhitaji kuchimba ili alijue hilo.

FAHALI WA MRENO

Wareno waliihitaji Pemba kwa chakula, kwani mpunga na ng'ombe wake viliilisha ngome yao ya Mombasa. Waliondoka katika pwani hii baada ya Fort Jesus kuangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Wametuachia maneno ambayo hatuyahisi tena kuwa ya kigeni: meza, bendera, leso, karata. Yaaminika kuwa Pemba waliachia pia mchezo wa ng'ombe. Katika kiangazi, hasa kabla ya masika, vijiji kama Wingwi na Kengeja hukusanyika uwanjani. Ngoma hupigwa, zumari hulia, wanawake huimba na kupiga vigelegele, na vijana hujitokeza mmoja mmoja kumchokoza fahali na kumkwepa. Ng'ombe hauawi. Kwa Wareno wenyewe nako, tofauti na Wahispania, ni kawaida fahali kutouawa mbele ya watazamaji. Wengine hubisha asili hiyo ya kigeni. Liwalo na liwe, mchezo umekwisha kuwa wa Wapemba.

POPO NA MSALA

Anayependa viumbe na aende msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi. Hapo, na katika mashamba mengine ya kisiwa, anaishi popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji waliunda vikundi vya kumlinda, kama kile cha Kidike, na leo popo hao huhesabiwa kwa maelfu. Jioni wanaporuka kwa wingi kwenda kula, mbingu huonekana kana kwamba inatembea.

Magharibi ya Chake Chake kuna kisiwa kidogo cha Misali, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1998. Wavuvi wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alifika huko akaomba msala wa kusalia. Alipoambiwa kuwa haupo, alikionyesha kisiwa chenyewe, akasema kitamtosha. Waliopewa kazi ya kuilinda Misali walitumia mafundisho ya dini kuwakumbusha wavuvi kwamba matumbawe na samaki ni amana, na jambo hilo lilieleweka upesi kuliko vitisho vya faini.

TUNACHOWEZA KUKIPOTEZA

Hata huko Ulaya wako watalii wanaosongamana Roma na Venice, wakaupita mji kama Cádiz wa Hispania, ambao umri wake unakaribia miaka 3,000. Lakini Cádiz haitaanguka kwa kutotembelewa. Ina watu, ina fedha, ina vitabu. Hali ya magofu yetu si hiyo. Kilwa Kisiwani iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na Mji Mkongwe mwaka 2000. Pujini na Mkumbuu hazina ngao hiyo. Mizizi inapasua kuta, mvua inalainisha chokaa, bahari inalamba fukwe. Na nyumba ambayo haina mgeni haina mfagizi.

Kuna kuta nyingine tena zinazobomoka, nazo hazionekani. Jioni ya siku ya tano mama mkwe aliwakalisha wajukuu barazani akawahadithia kisa cha Mkama Ndume, kama alivyohadithiwa na bibi yake. Binti yetu wa miaka tisa, aliyekwisha kukisikia Pujini, alimkatiza mara mbili kumsahihisha. Bibi hakukasirika. Alimwambia aendelee yeye. Mtoto akaendelea hadi mwisho, akakosea jambo moja tu, nalo bibi akalirekebisha. Nilikuwa nimekaa pembeni nikifikiri kwamba, kama tungechelewa miaka michache, kisa hicho kingeishia kwenye baraza ile ile, nami ningekuja kwa maziko, nikala, nikalala, nikarudi.

KWA ATAKAYE KWENDA

Safari si ya tajiri. Meli za abiria hutoka Unguja hadi Mkoani, na ndege ndogo hutua karibu na Chake Chake. Magari ya abiria huunganisha Mkoani, Chake Chake na Wete kwa nauli ya kawaida. Gari la kukodi linahitajika tu kwa magofu ya mbali. Ulizia saa za maji kabla ya kupanda mashua, kwani maji yakipwa utasubiri kwenye tope. Vaa kwa heshima, piga hodi kijijini, omba mwenyeji akuongoze na umpe haki yake. Usiokote kigae wala ushanga, hata kama kimelala njiani. Unaporudi, pitia Wete uchukue haluwa, na kama ni msimu wake, shokishoki.

Msomaji mpenzi, wapo miongoni mwetu wenye bibi Pemba, wenye babu Kilwa, wenye shangazi Pangani au Lamu. Likizo ijayo, kabla hatujauliza bei ya kwenda mbali, tuulize kwanza nani nyumbani bado ana macho ya kutuonyesha.