Vumbi la mahindi yenye fangasi linafanya nini kifuani?

Vijana wenzangu, msimu wa kupukuchua naulizwa sana: "Bwana shamba, mbona jioni nakohoa na kuhisi homa?" Kabla ya kusema ni mafua, angalia mahindi yako.

Kwa baridi yetu ya Kilolo ya Juni na Julai, mahindi yakiwekwa ghalani hayajakauka vizuri huota fangasi. Ukipukuchua, vimbegu vyake visivyoonekana kwa macho hupanda na vumbi, unavivuta hadi ndani ya mapafu.

Ukiwa na afya, seli nyeupe za damu hulitambua ganda la kimbegu, hukimeza na kukiua. Kisipouawa huchipua nyuzi kama mizizi, zinazopenya kwenye nyama ya pafu. Hapo mwili huita seli nyingine nyingi, na vita hiyo huleta uvimbe. Ukivuta vumbi kila msimu, kinga inaweza kuzidisha hasira: saa chache baada ya kazi kifua kinabana, homa inapanda.

Aliyewahi kuugua TB au mwenye kinga dhaifu yuko hatarini zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Aspergillus fumigatus kwenye kundi la fangasi 4 hatari zaidi.

Kwa hiyo: anika kwenye turubai mpaka unyevu ufike 13%, pukuchulia nje, vaa barakoa inayobana vizuri. Kikohozi kisipoisha nenda kituo cha afya, na umwambie daktari habari ya vumbi. Bila kumwambia, atajuaje?