Kishikwambi Darasani: Mwalimu Mpya au Mwanasesere wa Bei Mbaya?

HEBU nikuulize, msomaji wangu. Ukimpa mtoto wa darasa la kwanza kishikwambi, yaani ile tableti ya kugusa kwa kidole, atakifanyia nini? Kijiweni kwetu swali hili lilizua kasheshe si mchezo. Mmoja alisema dogo atacheza gemu mpaka chaji ikate. Mwingine akasema kitapasuka kioo siku hiyo hiyo. Wa tatu, yule ambaye siku zote hujifanya msomi, akadai mtoto atajua kusoma kabla ya mwenzake mwenye daftari na penseli. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo, ndiyo maana leo nataka tuliangalie suala hili bila jazba.

Tuanzie nyumbani. Wengi hawajui kuwa moja ya majaribio makubwa ya mambo haya halikufanyika Ulaya wala Marekani. Lilifanyika Tanga, bwana! Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa ni mashindano ya XPRIZE yaliyofadhiliwa na tajiri Elon Musk, na Google ndio waliotoa vifaa. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nao walikuwemo. Umeme? Kila kijiji kiliwekewa mitambo ya jua ya kuchajia.

Sasa sikia hali ilivyokuwa kabla ya kuanza. Karibu robo tatu ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule. Wanane kati ya kumi walikuwa hawajawahi kusomewa kitabu nyumbani. Na zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Neno moja tu, jamani!

Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikawa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019, Kitkit School na onebillion wakatangazwa washindi na kugawana kitita cha dola milioni 10.

Siri yenyewe ni nini? Kwanza, mashine haichoki wala haina kiboko. Mtoto akigusa herufi inamtamkia, akikosea inarudia, na akikosea mara ya ishirini inarudia tena bila kumwita mbumbumbu. Pili, kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake. Hilo si dogo, kwa sababu tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kuna madarasa yamefurika kiasi kwamba mwalimu hata angekuwa na macho manne asingeweza kujua nani amekwama kwenye "ba, be, bi".

HATA HIVYO, MSIFURAHI MAPEMA

Mimi hiyo hesabu ya Tanga naisoma pande zote mbili. Nusu waling'amua, safi kabisa. Lakini nusu nyingine je? Miezi 15 na kifaa mkononi, bado neno moja halisomeki. Hao mashine haikuwavusha, na mimi naona walihitaji mtu. Mtu wa kumuuliza mtoto mbona leo umenuna, umekula, nani amekupiga. Kishikwambi hakina programu ya hivyo.

Halafu kuna hadithi ya Los Angeles, Marekani. Mwaka 2013 mamlaka ya shule za jiji hilo ilianza kugawa iPad kwa wanafunzi, katika mpango wa zaidi ya dola bilioni moja. Haikupita muda, wanafunzi wa sekondari wakagundua namna ya kuruka vizuizi vilivyowekwa, wakawa wanajirusha Facebook na YouTube kama kawa. Desemba 2014 mpango ukatupwa kapuni. Pesa yote hiyo!

Jirani zetu wa Kenya nao walionja joto ya jiwe. Kompyuta mpakato za darasa la kwanza zilikuwa ahadi ya kampeni za mwaka 2013. Zabuni ikavurugika mpaka mahakamani, na ilipofika mwaka 2016 ndipo ugawaji ulipoanza, safari hii watoto wakipewa vishikwambi. Nao Sweden, waliotangulia siku nyingi kwenye mambo ya dijitali, mwaka 2023 serikali yao ilianza kurudisha vitabu vya karatasi kwa nguvu kwa watoto wadogo.

Kwa hiyo tuvikatae? Thubutu! Malawi wamechukua njia ninayoikubali. Masomo yale yale ya onebillion yanaingia shule za msingi za serikali kwa watoto wa madarasa ya chini, wanasoma kwa zamu, vifaa vinachajiwa kwa jua na kubaki shuleni. Mwalimu yupo, ubao upo, kishikwambi ni msaidizi.

Hapa kwetu, baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi viligawiwa walimu wa shule za serikali. Mimi nasema ni mwanzo mzuri, maana huwezi kumpa mwanafunzi kitu ambacho mwalimu wake anakiogopa. Ila mwalimu bila mafunzo, bila bando na bila fundi wa kutengeneza kikiharibika, atakigeuza kioo cha kujitazamia.

Na wewe kijana unayesoma hapa huku simu yako imejaa miziki na umbea, usidhani hayakuhusu. Masomo yaliyoshindana Tanga yaliachwa wazi, yeyote anaweza kuyachukua bure, na Kiswahili chake kimo. Una mdogo wako nyumbani anayebabaika kusoma? Mwazime hiyo simu nusu saa kila jioni, mwekee masomo badala ya katuni, na ukae naye hapo hapo. Kukaa naye ndiko kwenye kazi yenyewe, maana hata kule Tanga kifaa peke yake kilifika nusu ya njia.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo!